Drusilla na Visulisuli Viwili

Asubuhi hiyo Drusilla alichuma majani chai kama kawaida, akajaza kikapu, akakibeba mgongoni na kuanza safari ya kwenda kituo cha kupimia majani, hapo Manga. Kabla hajatoka langoni kwake alikuwa amezunguka na kurudi jikoni kwake. Majirani nao walikuwa wakizunguka, kila mtu mahali pake. Tangu wiki iliyopita kilima kilikuwa kimegeuka sumaku. Jumamosi, siku ya Sabato, mchungaji alihubiri akizunguka, waumini wakimfuata kwa shingo.

Shida ya Drusilla ilikuwa moja. Tangu mumewe azikwe, majani yake yalipimwa kwa nambari ya mkulima ya shemeji yake, Nyabuto, na pesa ziliingia kwake. Sasa kamati ya kituo ilikuwa imesema mjane atakayefikisha majani mwenyewe kwa mizani siku hiyo, kabla ya lori kuondoka, atapewa nambari yake. Kamati ilisema hivyo baada ya kuona watu wanazunguka.

Alimpigia simu mjukuu wake, Nyanchera, anayesoma fizikia Nairobi.

"Magokoro, bibi yangu, hiyo tunaijua," Nyanchera alisema. "Elektroni zikibanwa mahali bapa, penye baridi kali na sumaku kali, huzunguka hivyo hivyo. Lakini kila moja ikijifungia visulisuli viwili vya ile sumaku, inakuwa kitu kipya cha mchanganyiko. Hicho hakisikii sumaku tena. Kinaenda moja kwa moja."

"Kisulisuli kimoja hakitoshi?"

"Kimoja kina nadharia yake. Wewe shika viwili."

"Haya. Mimi niliachia darasa la tatu, kwa kujumlisha. Bahati yangu ni kwamba hapa ni kujumlisha tu."

Visulisuli vilijaa kwenye migomba. Drusilla alikimbiza cha kwanza na ungo, akaanguka, akajifanya anaokota kuni. Cha pili kilimhurumia kikaja chenyewe. Akavifunga kiunoni kwa leso, kimoja kila upande, rinda likavimba, akaondoka moja kwa moja. Majirani walimsalimia kila mzunguko ulipowageuza upande wake.

"Weee, Drusilla! Ujane umekunenepesha!" Esnah alimpigia kelele.

"Ni fizikia," alijibu.

Kituoni, karani Angwenyi alimtazama juu hadi chini.

"Hongera, mama. Na hawa uliokuja nao?"

"Nimekuja peke yangu."

"Mimi naona watatu. Nambari hupewa mtu mmoja." Akaviomba visulisuli vitambulisho. Havikuwa navyo.

"Basi nivifungue?"

"Vifungue, mama, uweke kidole hapa kwa mashine."

Drusilla akafungua leso, na papo hapo akaanza kuzunguka.

"Simama basi uweke kidole."

"Si nasimama," alisema, akipita.

"Hapa, mama."

"Nimepaona," alisema, akipita tena. "Nikirudi."

Lori likapiga honi. Nambari ya Nyabuto ilikuwa ndani ya mashine tangu zamani, na haikuwa inazunguka. Angwenyi akapima majani kwa nambari hiyo. Nyabuto alipata ujumbe wa kilo hizo kwenye simu akiwa bado kitandani.

Angwenyi, ambaye alilelewa vizuri, alimsaidia Drusilla kuvikamata visulisuli na kukaza fundo la leso.

"Mfike salama," aliwaambia wote watatu.

Drusilla alifika nyumbani upesi kuliko siku zote. Jua lilikuwa bado juu, muda wa kutosha kumchumia Nyabuto kikapu kingine.