Bipu ya Saa Nne

Siku ya kwanza simu za wanafunzi zilipokusanywa, Mama Mwavita, msimamizi wa nidhamu, alizipanga kwenye beseni la bluu kama samaki wa kuuzwa, kila moja na jina lake kwenye kipande cha karatasi. Prefe, mkuu wa shule, alikuwa amesema wazi: tangu saa moja asubuhi hadi saa saba, hakuna mwanafunzi wa kugusa simu, awe mtoto wa nani. Mwavita aliipenda sheria hiyo. Kilichomtesa ni kukaa chumba kimoja na simu arobaini zinazolia, naye asijue nani anamtafuta nani.

Saa nne kamili simu ya Igihozo wa mwaka wa tatu ikalia. Kwenye kioo: Babu. Mwavita akajikaza kidogo, kidogo sana, kisha akaishika, akapokea.

"Allo, muzee! Huku ni..."

"Weye ni nani? Mbona unashika? Mutoto wangu iko wapi?"

Uniti za mzee, salio lake la kupigia, zikaisha, simu ikakatika.

Hapo ndipo Mwavita alipojipiga paji la uso. Goma nzima inajua kwamba bipu haishikwi. Mtu anailiza simu yako mara moja, anakata, nawe unailiza yake mara moja, basi, mmeshasalimiana bila kutumia kitu. Yeye amemlia mzee wa watu uniti zake, tena kwa sauti ya mwanamke asiyemjua. Akampigia kwa simu yake mwenyewe, mara tatu. Mzee hakushika. Namba ngeni, kwa wazee wengi, ni mwizi tu.

Kabla ya saa sita pikipiki nne zilisimama mlangoni. Ya mbele ilimbeba Muzee Habarurema wa kijiji cha Munigi, babu yake Igihozo, na koti lake la kanisani. Za nyuma, majirani, na Mama Uwimbabazi akiwa amebeba parachichi, maana huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu hata ukienda kugombana.

"Mutoto wangu! Munitolee mutoto!"

Igihozo akatolewa darasani, wino vidoleni. Babu akamshika kichwa, mabega, masikio, kama anayekagua mbuzi sokoni.

"Babu, niko! Simu ndiyo iko kwa beseni."

Mzee akakaa chini kwenye ngazi. "Wakati wa kukimbia vita nilimupoteza siku tisa," akamwambia Mwavita polepole. "Tangu pale, nisipopata bipu yake saa ine, hata chai haishuke."

Mwavita akakaa ngazini kando yake. Akasema, "Basi nimupe simu yake kila saa ine? Prefe akinifukuza nitakuja kulala kwako."

"Hapana! Asome. Ukimupa, hatakurudishia. Sheria ni muzuri. Lakini miye nifanye namna gani?"

"Andika namba yangu. Utanibipu miye. Nitaenda kumuangalia, kisha nakubipu."

"Kumuangalia na macho?"

"Na haya macho, muzee."

"Na usishike!"

"Sitashika tena, naapa."

Majirani nao wakatoa simu zao. Kila mmoja alikuwa na mjukuu mle ndani, na nani angewakatalia?

Ijumaa, saa nne, simu ya Mwavita haikupumua kwa bipu. Akaacha chai, akazunguka darasa kwa darasa. Igihozo yupo: bipu. Alliance, mjukuu wa jirani mwingine, yupo, anasinzia, lakini yupo: bipu. Lionel, mjukuu wa Mama Uwimbabazi, hayupo.

Akamkuta nyuma ya vyoo, anacheza karata peke yake.

"Bibi yako anangoja. Nibipu ao nisibipu?"

Lionel akaruka. "Mama, tafazali, bipu! Atakuja na Munigi yote!"

"Ingia kwanza. Miye sidanganyi wazee."

Mtoto akatimua mbio, karata zikamwagika nyuma yake. Mwavita akamfuata mpaka mlangoni, akahema, akangoja amwone amekaa na kalamu mkononi. Ndipo akabipu.