Namba Iliyocheza Ngoma Dutwa

Chatu wetu alitoroka wiki ya mashindano, na kundi la ngoma lisilo na chatu ni ugali bila mboga. Pale Dutwa hakuna majaji. Manju wawili, yaani viongozi wa ngoma, wanapiga kila mmoja upande wake wa uwanja, na mwenye watu wengi jioni ndiye mshindi. Baba yangu, manju Mwandu, alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo. Akaapa kwamba akishindwa tena anauza ngoma zote na kwenda Lamadi kuchuuza dagaa. Niliogopa kweli. Mimi Evalina nisipocheza, nitafanya nini cha maana?

Kaka yangu Josia, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyeleta namba badala ya chatu. Alituchorea wachezaji sita fulana kwa rangi: 1, 4, 2, 8, 5, 7. Mimi nikawa nane.

"Mtazunguka kwa mpangilio huohuo," alisema. "Namba yetu 142857 inazidishwa kwa watakachotaja watu. Wakitaja mara mbili, aliyevaa mbili anaongoza mstari. Mara tatu, anaongoza nne. Jibu linatoka lenyewe."

Nilimwambia akajaribu kwanza na mbuzi.

Siku yenyewe Josia akaitangaza namba yetu na kuwaomba watu wataje mara ngapi tuizidishe; mtu mmoja akataja mbili, kwa dharau. Tukazunguka, filimbi ikalia, tukajipanga: 285714. Watu wakabonyeza simu zao, wakatazamana. Tatu: 428571. Tano: 714285. Tarakimu ni zilezile, zimehama viti tu. Basi na watu nao wakaanza kuhama, wakimwacha Nkwabi, manju wa upande wa pili. Akaja mwenyewe, kakunja uso.

"Bhebhe, wewe Mwandu, simu za watu wako umezitia dawa."

Akatoa yake. Nayo ikasema vilevile. Akaendelea kubonyeza, kisha akatabasamu.

"Mara saba," alisema, akainua simu juu. 999999.

Hatukuwa na tisa hata moja. Nikamgeukia Josia kwa hasira. "Ulijua?"

"Nilijua. Nilidhani watachoka kabla ya kufika saba."

Watu wakaanza kurudi kwa Nkwabi. Baba akashusha fimbo za ngoma, nami nikataka kulia. Josia akamkimbilia, akamnong'oneza.

"Fanyeni duara," Baba akatangaza. "Kila mmoja amsalimie anayemwelekea."

Tukapiga goti wawiliwawili. Mbele yangu alikuwa Minza, mwenye moja. Nne akamsalimia tano. Mbili akamsalimia saba.

"Kila mtu ajumlishwe na mwenzake," Josia akasema. "Kila mmoja atapata tisa. Wako wangapi?"

Midomo ikahesabu uwanja mzima: tisa sita. Kisha vikapigwa vigelegele, na hata mpiga filimbi wa Nkwabi akavuka kuja kwetu.

Hapo bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Na mara nane je?"

Josia akabonyeza simu: 1142856, tarakimu saba, nasi tulikuwa sita. Baba akaikung'uta ngoma kubwa kwa nguvu zake zote. Aliipiga mpaka jua likazama bila kupumzika, maana kila alipotaka kupumzika, bibi yule alifungua mdomo.