Kazi ya Jumanne

"Andika tenisi," baba alisema, buti zake bado zina theluji. Mimi sikuwahi kushika raketi maishani mwangu.

Ilikuwa Januari 1986, Fittja, pembeni mwa Stockholm, na fomu ya chuo cha Amerika ilikuwa mezani ikisubiri shughuli zangu za nje ya darasa. Vyuo vya Sweden viliangalia alama tu, na alama zangu za fizikia zilikuwa zimenifungia mlango. Amerika ndiyo iliyobaki, na Amerika ilitaka kujua nafanya nini nikitoka shuleni.

Mzee Kariuki, Mkenya aliyefanya kazi na baba, alikuwa na mtoto huko, na yeye ndiye aliyemjaza baba maneno ya tenisi na piano. Mama alitaka kwaya ya kanisa, ambayo niliiacha kabla ya kipaimara. Walinichosha hadi kichwa kikaniuma.

Ukweli ni kwamba nikitoka shuleni nilikuwa natumwa. Kila Jumanne nilimsindikiza Anti Noeline, Mganda wa ghorofa ya tano, hospitali, nimtafsirie Kiswahili chake kwa Kiswidi. Mkalimani wa Kiganda alikuwepo, tena wa bure, lakini ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao cha Waganda, na Anti hakutaka mwenyekiti ajue habari za kizazi chake. Basi mimi ndiye niliyejifunza kusema "uvimbe" kwa lugha mbili, wenzangu wakiwa kwenye mpira wa mikono.

Nikasema nitaandika hiyo.

Mama aliweka kisu cha vitunguu chini. "Utamsimanga mwenzio mbele ya Wamarekani? Msaada hauandikwi, Domina."

Baba, ambaye hakuwahi kukubaliana na mama hata juu ya chumvi, safari hii alikubaliana naye. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Kitu pekee nilichokuwa nacho, nacho nimekatazwa kwa jina la adabu.

Jumanne, ndani ya basi, nikaamua kumuuliza Anti mwenyewe. Nilimwambia jina lake sitalitaja, wala ugonjwa. Anti aligeuka akatazama nje ya dirisha, nikajuta kufungua mdomo.

"Mimi nilifikiria unakuja kwa sababu unanipenda," alisema.

Ningeweza kumjibu vizuri. Lakini nilikuwa nimechoka na kila mtu. "Nakuja kwa sababu mama ananituma, Anti. Nanuna tangu mlangoni kwetu mpaka hospitali."

Akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka. "Ee, kununa nimeona. Basi, muwala, binti yangu, kama unatumwa, hiyo ni kazi. Kazi inaandikwa."

Niliandika palepale, fomu juu ya goti, sentensi mbili tu, na tulipotoka kwa daktari nikaitia bahasha kwenye sanduku la posta. Nyumbani mama alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akasema kwamba yeye hatanituma tena. Kama nimekuwa mfanyakazi, nijipangie mwenyewe.

Chuo kilinikubali mwezi wa nne, na baba alimpigia simu Mzee Kariuki kabla sijamaliza kusoma barua. Lakini mimi huikumbuka zaidi ile Jumanne iliyofuata ile ya bahasha. Nilirudi kutoka shuleni, mama akaendelea kufuma bila kunituma. Nilikaa na koti langu mwilini, nimenuna kama kawaida. Kisha nikapanda ghorofa ya tano, nikabisha hodi. Anti alifungua mara moja. Alikuwa ameshavaa viatu.