Kigumba cha Pili

Siku ya kupigwa picha ya nyonga, Madeje alivuliwa shaba zote alizovaa tangu ujana, na aliyemvua alikuwa mdogo wake Sila, yule yule aliyezifua na kumvisha. Nani mwingine angeitwa? Kijiji chao kizima cha Kikuyu, kando ya Dodoma, kilikuwa na mfua chuma mmoja tu. Sila alikaa uani mwa tembe mbele ya kaka yake, tindo mkono huu, nyundo mkono ule, na moyo ukimwenda mbio kama mwizi wa mbuzi aliyeombwa asaidie kumtafuta mbuzi.

Amri ililetwa jana yake na Halfani, mhudumu wa daktari wa Kidachi, Mjerumani aliyefika Dodoma kwa gari la moshi pamoja na mtambo wake. Mtambo huo, watu walisema, humpiga mtu picha mpaka mifupa. Halfani, mtu wa Kondoa mwenye kanzu safi na maneno mengi, aliyataja masharti mara tatu asije mtu akasingizia usahaulifu. Mgonjwa asile kitu tangu asubuhi. Aoge mpaka mafuta na udongo mwekundu vimtoke mwilini. Asibaki na chuma wala shaba, masikioni mpaka miguuni, maana vitu hivyo huacha kivuli kwenye picha. Saa nane awe stesheni, kwa kuwa daktari hakai Dodoma milele: leo picha, kesho kisu, keshokutwa gari linaondoka naye.

Madeje alikuwa na chuma nyongani mwaka wa tisa sasa. Zamani hizo, kabla reli haijafika, wavamizi walilivamia zizi lao alfajiri, na katika vumbi la ng'ombe mshale ukampata. Uti wa mshale ulivunjika, na kigumba, kile kichwa cha chuma, kikabaki ndani. Tangu hapo hutembea kwa kuegemea bega la Sila. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa, na msimuliaji wa kwanza alikuwa Sila mwenyewe.

Sasa tuseme ukweli, maana sisi hatuna sababu ya kumfichia. Mshale ulikuwa wake. Aliona kivuli vumbini, akaachia upinde, akasikia sauti ya kaka yake. Alipomfikia aliyatambua manyoya aliyoyafunga kwa mikono yake. Akauvunja uti, akautia motoni, akasema wavamizi wamempiga kaka. Haya, kukosea vumbini ni kwa binadamu. Lakini siku ya tatu aliitwa mganga, na kabla hajagusa kidonda aliuliza, "Kigumba hiki kina umbo gani? Kina kulabu?" Sila alijua. Alikuwa amekitia kulabu mbili zinazotazama nyuma, ili kikiingia kisitoke. Akanyamaza. Mganga akavuta, kulabu zikararua nyama, kigumba kisitoke. Yowe alilopiga Madeje siku ile lilisikika mpaka Nkuhungu, na mguu haukunyooka tena.

"Shemeji, Mungu akulipe," alisema Anyesi, mke wa Madeje, akimmwagia mumewe maji mgongoni kwa kibuyu. "Miaka tisa unamlimia kaka yako kabla hujajilimia mwenyewe. Ndugu wa namna hii wako wapi siku hizi?"

Sifa za Anyesi zilimuuma Sila kuliko matusi, na alizisikia kila msimu wa mtama. Aligonga tindo, bangili ikakatika, akaitupa kwenye ungo. Ikafuata nyingine. Alipofika kwenye mshipi wa shaba uliozunguka kiuno, juu kabisa ya kovu, mkono ulisita. Mshipi huu ukibaki, picha itaharibika. Daktari ataghadhibika, gari litaondoka, na kigumba kitazikwa na Madeje bila mtu kukiona. Fikra hiyo ilimjia upesi mno, hata akajiogopa.

"Na huo pia?" aliuliza Madeje.

"Na huo pia, kaka."

Akaukata, jasho likimtiririka. Ilibaki bangili moja tu, ya mkono wa kulia, pale Halfani alipopiga hodi.

"Karibu," alisema Anyesi. "Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja na swali." Halfani alichutama akamtazama Madeje. "Bwana daktari anataka kujua mapema, chuma hicho kina kulabu au hakina? Picha huonyesha kivuli tu. Kikiwa kimelala upande, chenye kulabu na kisicho nazo hufanana. Asipojua, kesho atavuta, na karibu na hapo upo mshipa mkubwa wa damu. Kama kuna mtu anajua jambo, aseme. Mficha maradhi, kifo humfichua."

Madeje alicheka kidogo. "Wenye mshale walikimbia, bwana, hatukupata nafasi ya kuwauliza. Mwambie avute tu. Nimeshazoea."

Nimeshazoea! Neno hilo lilimwingia Sila pale ambapo miaka tisa ya kulima haikufika. Swali lilikuwa lile lile la mganga, mgonjwa alikuwa yule yule, na mwenye jibu hakubadilika. Alitia mkono katika mfuko wake wa ngozi, chini kabisa ya koleo na tupa, akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani yake mlikuwa na kigumba chenye kulabu mbili. Mara ngapi alikitia motoni akiyeyushe, na mara ngapi alikitoa!

"Ni kama hiki," alisema.

"Umekipata wapi?" aliuliza Halfani.

"Nilivifua viwili, siku moja." Akakiweka kigumba mbele ya kaka yake. "Cha kwanza kimo humo. Nilimpiga mimi, sikumwona kwa vumbi. Na mganga alipouliza, nilijua."

Kibuyu kilimtoka Anyesi mkononi. Madeje alikichukua kigumba, akakigeuza, akazipapasa kulabu kwa kidole gumba, taratibu, moja kisha nyingine.

Sila aliunyooshea tindo mkono wa kaka yake wenye bangili ya mwisho. Madeje akauvuta mkono wake.

"Anyesi, shika wewe."

Anyesi hakuwahi kushika tindo. Aligonga vibaya, akamchubua mumewe, damu ikatoka. Madeje aliuacha mkono pale pale mpaka bangili ilipoanguka. Kisha akaomba fimbo, akainuka mwenyewe, akaanza kwenda. Hakufika mlangoni pa ua. Alisimama akihema, Sila nyuma yake, hajui amfuate au akae.

"Mganga alipouliza, ulikuwepo," alisema Madeje bila kugeuka.

"Nilikuwepo, kaka."

"Na nilipopiga yowe?"

"Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya ukuta, nikaziba masikio."

Madeje alitikisa kichwa kama mtu aliyepata kitu alichokipoteza siku nyingi. "Kesho, daktari akinipasua, hutatoka nje. Utanishika miguu. Kwa mikono yote miwili, Sila."

"Ndiyo, kaka."

Sila akasogeza bega. Madeje alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaliegemea, maana jua lilikuwa limeshapita utosini na stesheni ilikuwa bado mbali.