Wenyeji Waliotoweka

Kampuni ya dhahabu ya Jiwe Jekundu, kwa ukarimu wake usio na kifani, ilitufungulia makumbusho ya wenyeji wa asili, barabara ya kwenda Nyamongo. Nikampeleka bibi yangu, Wankuru, akasome historia. Mlangoni walimvisha kadi iliyoandikwa MGENI.

Mwongozaji, bwana mmoja mwenye miwani na diploma, hakumpa hata shikamoo. Shikamoo haimo kwenye diploma. Alituonyesha jiwe la kusagia lililofungiwa ndani ya kioo.

“Shimo hili walilichonga ili kunyweshea ndama,” akasema.

“Ndama gani?” bibi akamaka. “Shimo hilo ni ulezi niliousaga miaka thelathini. Jiwe nilikabidhiwa na mama mkwe siku nilipoolewa.”

“Bibi, usiguse kioo. Watu hao walitoweka, na mpaka leo wataalamu hawajajua sababu.”

Bibi akasogea dirishani. Nje, pale pale lilipokuwa jiko lake, katapila la kampuni lilikuwa limeegeshwa.

“Njoo uwasaidie wataalamu wako, mwanangu,” akamwita. “Sababu ile pale. Ya njano.”