Mume wa Mke Mmoja

Kanisa lilikataa kumzika Kafedha. Alikufa alfajiri, na kabla umande haujakauka jibu lilikuwa limeshafika nyumbani: mzinzi hazikwi ndani ya ua wa kanisa.

Mwarandu, mwanawe wa pekee, alilipokea jibu hilo akiwa bado ameushika mkono wa maiti. Hakulia. Alitoka vile vile, kifua wazi, akashika njia ya kanisani, mkewe Florence akimkimbilia nyuma na shati.

Ngumbao, mzee wa kanisa, alikuwa makaburini akisimamia wafyekaji nyasi. Alikuwa nduguye Mwarandu, baba mmoja, mama mbali. Baba yao, Nicanor Ruwa, alilala safu ya mbele chini ya jiwe zuri kuliko yote ya Kisauni: jina lake, mwaka wa ubatizo 1909, mwaka wa kufa 1936, na chini yake, MUME WA MKE MMOJA.

Uongo mtupu, na kila mtu aliujua. Ruwa alikuwa na wake wawili. Alipotaka ubatizo, padri wa siku hizo alimwambia achague mmoja. Akamchagua Margret, mamake Ngumbao, akamtoa Kafedha nje na chungu chake. Kisha akawa anamrudia kwa mlango wa uani. Mwarandu alizaliwa miaka minne baada ya ubatizo huo. Kafedha, ambaye naye alikuwa amebatizwa, aliitwa mbele ya wazee na tumbo lake, akaulizwa ni la nani. Akanyamaza. Akanyimwa meza ya Bwana kwa kuzini na mume wake mwenyewe, na huyo mume alikuwa ameketi pale pale miongoni mwa waliomhukumu. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma kila Jumapili, na alichoomba maishani ni kuzikwa ndani ya ua ule.

"Kaka, nataka hapa," Mwarandu alisema, akionyesha ubavuni mwa jiwe.

"Hapo ni pa mama yangu."

"Basi popote ndani ya ua. Hata kule nyuma karibu na choo."

Ngumbao alikohoa. "Njia iko. Simama mbele ya watu useme mamako alitubu, na kwamba babako humjui. Mimi nitazungumza na padri. Tutamzika leo leo, na kengele itapigwa."

"Simjui? Tazama pua yangu, Ngumbao, kisha shika yako. Nani kamwibia mwenziwe?"

Wafyekaji wakacheka.

"Usilete mzaha makaburini!"

"Mzaha ni huo mliouandika hapo."

Florence alimvuta mkono. "Sema tu, baba watoto. Ni maneno. Yeye alipataka hapa."

"Amenyamaza yeye umri wake wote kumsitiri huyu mzee aliyelala hapa. Sasa na mimi ninyamaze? Imetosha!"

Mwarandu alikuwa mpasua mawe. Alikwenda nyumbani akarudi na tindo na nyundo, akapiga magoti mbele ya kaburi la babake, mchana kweupe, watu wamejaa. Herufi za kwanza zilikuwa zimekwisha kuruka Margret alipofika na mkongojo wake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Wafanya nini?"

"Nautoa uongo."

"Mama, mkanye!" Ngumbao alipiga kelele.

Margret aliliangalia jiwe. "Nilisema waandike jina basi. Wewe ukaniambia mimi sijui kusoma. Kweli, sijui. Lakini wake wenzangu najua kuwahesabu." Akamgeukia Mwarandu. "Piga, mwanangu."

Kafedha alizikwa jioni ile nje ya ua, bila padri, bila kengele. Margret alikaa mchangani mpaka kaburi likajaa.

Gharama yake ilikuwa hii. Margret aliondolewa kwenye meza ya Bwana uzeeni. Mwarandu na Florence walifutwa ushirika. Nyumba yao ilikuwa kwenye ardhi ya kanisa. Wakaamriwa waivunje, wakaenda kupanga chumba kimoja Changamwe. Minazi saba aliyoipanda Kafedha ikabaki kwa Ngumbao. Watoto wao wawili walitolewa shule ya kanisa. Mdogo alikuwa ndiyo kwanza ajue kuandika jina lake. Mkubwa alikuwa darasa la nne, naye hakurudi tena shuleni. Sasa anapasua mawe.