Baraza Tupu

Maonyesho yalianza na picha za walowezi wenye kola nyeupe, yakaishia kwa turubai zilizomwagiwa rangi hovyo. Uchoraji wote wa Marekani, na mama aliupita kama mtu anayewahi treni. Alikuwa anatafuta picha ya nyumba yao ya utotoni, ile iliyozama bonde lao lilipogeuzwa bwawa la kuwapa maji watu wa New York.

Tuliikuta karibu na mwisho: nyumba ya mbao, baraza tupu, jua la asubuhi.

"Upweke ulioje!" alinong'ona mwanamke mmoja kando yetu.

"Upweke wa wapi, binti?" mama akafoka. "Tulikuwa tumejaa pale! Mchoraji ndiye aliyetufukuza, eti tunamharibia mwanga. Kaka yangu Merle alikuwa kwenye ngazi anamenya mahindi. Naye akaambiwa apishe. Tukajificha nyuma ya nyumba, tunacheka mpaka mbavu zinauma."

Merle alifia vitani Korea. Hatuna picha yake hata moja.

Mama alizidi kusogea, pua karibu iguse turubai, mpaka kengele ikalia na mlinzi akaja mbio.

"Bibi, rudi nyuma tafadhali! Unatafuta nini hapo?"

Macho ya mama yalikuwa kwenye pembe ya ile nyumba, pale ukuta unapoishia.

"Merle," aliita kwa sauti ya chini, "mchoraji keshaondoka. Rudi barazani."